Tabibu Ameingia Sokoni

Kifupisho cha kwanza kufa kilikuwa k. Mwalimu Vitalis alibonyeza herufi hiyo moja, akatuma, akasubiri kusikia kwamba amefika darajani, upande wa kaskazini, kama siku zote. Badala yake ile sauti ya kompyuta, sauti ya bwana mwenye mafua anayesoma Kiswahili kwa kulazimishwa, ikamwambia: "Sielewi k." Akajaribu s ya kusini. Haikueleweka. Akajaribu p ya kupanda mlima, nayo vivyo hivyo. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita akabaki amesimama katikati ya soko la kubuni, mbele hawezi kwenda wala nyuma kurudi.

Tumwelewe kwanza, maana wapo watakaomcheka. Vitalis alifundisha hisabati shule ya msingi hapa hapa Mapera, Mbinga, miaka ishirini na minane, mpaka presha ya macho ilipompofusha jicho la kulia, na la kushoto likafuata kabla ya mwaka kuisha. Kwa miezi mingi alikaa barazani akisikiliza redio na kugombana na watangazaji. Ndipo dada yake Devotha, mwalimu wa kompyuta katika sekondari moja ya Songea, akamletea kompyuta ya mkononi yenye programu inayosoma kila kilichoandikwa kwenye kioo. Pamoja nayo akamletea mchezo. Ni mchezo wa maandishi matupu, hauna picha hata moja. Kuna nchi yenye mito, misitu na soko, na watu kutoka kila pembe huingia humo kupitia mtandao, wakatembea na kuongea kwa kuandika. Humo ndani mwenye macho na asiye nayo wako sawa. Vitalis aliupenda mchezo ule kuliko alivyokuwa tayari kumkubalia mkewe Matilda.

Programu ya kuingilia mchezoni humruhusu mtu kutunga vifupisho, vile ambavyo wenyewe huviita alias. Badala ya kuandika "nenda kaskazini" kila mara, unaandika k, na programu inaandika yaliyobaki. Vitalis alikuwa navyo sitini na viwili. Juu ya hivyo alijifunza kutunga skripti, maagizo yanayojifyatua yenyewe jambo fulani likitokea. Devotha alimfundisha kwa simu Jumapili tatu baada ya misa, na ya nne mwanafunzi alianza kumsahihisha mwalimu.

Sasa tuseme lile linalouma. Vitalis ana mdogo wake, Elias, aliyemfuata Devotha, kitinda mimba wa mama yao. Elias ni tabibu katika zahanati moja ya kijiji cha ziwani, upande wa Lituhi. Miaka minne iliyopita, Vitalis alipoanza kuona taa zimezungukwa na duara za rangi, Elias alimuuliza maswali matano kwenye simu akajua. Alimwambia aende hospitali kubwa upesi akapasuliwe, jicho la kushoto lingali linaokoka. Vitalis akajibu, baada ya kahawa. Elias akapiga tena. Vitalis akajibu, baada ya mtihani wa darasa la saba. Alipopiga mara ya tatu, kaka mtu alimwambia asimfundishe kuishi, yeye aliyembeba mgongoni. Mficha maradhi kilio humfichua. Krismasi ilimkuta akipapasa kuta za nyumba yake mwenyewe.

Hayo yangeweza kupita. Lakini Februari baba yao alifariki, na siku ya kumaliza matanga, mbele ya ukoo wote, pombe ikiwa imeshazunguka, Vitalis alisimama akasema kwamba yeye ana mdogo wake tabibu na bado amepofuka, kwa hiyo wamwambie huyo ni tabibu wa nani. Watu waliguna. Elias alichukua mfuko wake, akashuka ziwani, na tangu siku hiyo hakupanda tena. Jirani wenye busara walishika majembe yao kama methali inavyoagiza ndugu wakigombana. Wasio na busara walichagua upande, na wengi walichagua wa kipofu. Waliamini aliyoyasema. Hilo lilimsumbua Vitalis kuliko lawama yoyote, kwa sababu yeye alijua kuwa ni uongo, na kadiri miaka ilivyokwenda hakujua angeanzia wapi kuuondoa.

Alimtaka mdogo wake arudi. Hakuna siku aliyolisema hilo kwa mdomo, lakini Matilda aliyelala naye kitanda kimoja alilijua, na Devotha aliyewalea wote wawili kwa ukali wa dada wa katikati alilijua pia. Mwezi wa sita Devotha alimpigia simu akamwambia, bila kuzunguka, kwamba amemwingiza na Elias mchezoni. Humo ndani jina lake ni Tabibu. Kila siku saa kumi, akitoka zahanati, atakuwa sokoni. Mengine ni yenu, alisema, akakata simu.

Kesho yake saa kumi ile sauti ya mafua ilitangaza: "Tabibu ameingia sokoni." Kisha: "Tabibu anasema, Shikamoo kaka."

Mdogo huanza, mkubwa hupokea. Ndivyo tulivyolelewa, na ni desturi inayompendeza sana mkubwa asiye na hatia. Vitalis aliandika Marahaba, habari za huko. Akajibiwa njema kaka. Halafu pakawa kimya. Wapita njia wa mchezo wakaingia na kutoka, muuza chumvi anayeendeshwa na mashine akatangaza chumvi yake mara sita, na ndugu wawili wa tumbo moja wakasimama hapo hawana la kusema, mpaka Tabibu akaondoka. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu Vitalis alishindwa kukivumilia kile kimya kilichofuata baada ya njema. Akaketi, akaandika skripti: Tabibu akisema shikamoo, jibu marahaba, habari za huko, Tabibu akiuliza habari, jibu njema, habari za huko. Alijiambia kwamba ni adabu tu, ili mdogo wake asikose jibu iwapo yeye yuko chooni. Tangu hapo, ikikaribia saa kumi, alimwacha mtu wake wa mchezoni amesimama sokoni, kompyuta wazi mezani, naye akatoka uani kupapasa kahawa kwenye vichanja ingawa hakuna aliyemtuma. Akirudi saa kumi na moja anakuta wamesalimiana. Alikuwa akipumua kwa nafuu, na papo hapo akiona aibu.

Wiki tatu zilipita kwa mtindo huo, mpaka ile Jumanne asubuhi ambapo k ilikataa.

Mwanzoni alidhani ni mtandao. Akaifunga programu, akaifungua. Akazima kompyuta yote, akaiwasha. Kisha akafanya kile ambacho angetakiwa kufanya kwanza, akaenda kwenye orodha ya vifupisho na kuipitia kwa vishale, kimoja kimoja, sauti ikimsomea: k, kimezimwa. S, kimezimwa. P, kimezimwa. Sitini na viwili, vyote vimezimwa, na mwisho wa orodha ujumbe wa Kiingereza uliosema kuna kosa kwenye skripti, mstari wa hamsini na nane, kwa hiyo programu imejilinda kwa kuzima kila kitu.

Alivirudisha vyote kwa mkono. Vikafanya kazi siku nzima, barabara kabisa. Saa kumi akatoka uani kama kawaida yake. Aliporudi, vimekufa tena.

Mtu mwingine angempigia Devotha. Vitalis hakutaka. Kwanza angemuonea haya kwa ile skripti, na pili, miaka ishirini na minane ya kusahihisha madaftari ilikuwa imemfundisha kwamba jibu likiwa si sahihi usilitazame jibu, panda juu ya ukurasa utafute mstari ambapo mtoto alipotea njia. Jumatano alizima nusu ya vifupisho akaacha nusu, na bado saa kumi vikafa. Akajua si hivyo. Alhamisi akaondoa nusu nyingine. Ikawa bado. Akausoma mstari wa hamsini na nane herufi kwa herufi, akiisikiliza ile sauti ikitamka kila nukta na kila mabano, na hakuona kosa lolote. Mstari huo ulisema tu: jibu njema, habari za huko. Hakuna kitu kilichoandikwa kwa ustaarabu zaidi katika kompyuta yote. Alijiuliza ni mashine gani hii inayoona kosa katika salamu.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, alikumbuka kwamba programu hutunza kumbukumbu ya kila kilichosemwa. Akaifungua ya jana, akaipeleka hadi saa kumi, akaiacha sauti isome.

"Tabibu ameingia sokoni. Tabibu anasema, Shikamoo kaka. Unasema, Marahaba, habari za huko? Tabibu anasema, Njema kaka, habari za huko? Unasema, Njema, habari za huko? Tabibu anasema, Njema kaka, habari za huko? Unasema, Njema, habari za huko?"

Iliendelea. Vitalis aliruka kurasa kumi mbele akakuta njema, habari za huko. Akaruka kumi nyingine, hali ile ile. Mamia ya mistari, yote katika dakika moja, mpaka programu ilipohesabu kwamba skripti imejiita mara nyingi kupita kiasi, ikachoka, ikazima kila kitu.

Matilda alikuwa amekaa kizingitini na ungo mapajani, akichambua punje mbovu za kahawa. Aliisikiliza ile sauti kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama hao watu hawana kazi ya kufanya, maana hata sisi tunaopenda salamu tuna kikomo.

"Mtu akishasalimiwa, si aseme kilichomleta?" alisema. "Salamu zinaishaje kama hakuna mwenye shida?"

Vitalis aliinyamazisha kompyuta. Hakuwahi kumwambia mkewe kuhusu Tabibu. Sasa alimwambia, yote, hadi ile ya kutoroka uani kila saa kumi. Matilda aliweka ungo chini. Alisema alikuwa akishangaa mwaka huu kahawa inageuzwa mara ngapi. Halafu hakutania tena. Alimwambia kwamba siku ile ya matanga yeye alikuwa jikoni na wanawake, na alisikia kila neno, na tangu siku hiyo alikuwa akingoja.

"Ukubwa jalala, baba Loveth," alisema. "Takataka hii ni yako."

Ndipo alipompigia Devotha. Alikuwa ameshaelewa nusu ya jambo: mashine hazisalimiani hivyo mpaka ziwe mbili. Akamuuliza nani amemwandikia Elias skripti. Devotha alikiri kwamba ni yeye, siku ya Jumatatu, na kwamba Elias mwenyewe ndiye aliyeomba. Wakati mwingine, alieleza, Elias anaingia mchezoni kwa simu akiwa bado zahanati, na hapo hapo anaitwa kwa mama mjamzito au mtoto mwenye degedege. Alikuwa akiogopa kwamba siku moja kaka atamuuliza habari akakuta hakuna mtu wa kumjibu, akadhani amesusiwa. Kwa hiyo alitaka kitu kitakachomjibu kaka yake hata yeye mikono ikiwa kwenye damu.

Devotha akadhani mtandao umekatika, akaita halo mara mbili.

"Niko," alijibu.

Basi na asikie yaliyobaki, alisema dada mtu. Programu ya Elias nayo ilikuwa ikizima kila kitu, siku ya nne sasa. Elias hajui mambo ya skripti. Anachojua ni kwamba kila akimwamkia kaka yake, mashine inakufa, na ameamua kwamba kaka ndiye anayemzima, kwamba amempiga kufuli ili asimsogelee. Asubuhi hiyo alikuwa amemuuliza Devotha namna ya kuuondoa mchezo kabisa kwenye simu. Alikuwa ameongea kwa upole, na Devotha alisema huo upole ndio uliomtisha. Alimsihi angoje mpaka leo saa kumi. Zaidi ya hapo hana la kumwambia.

Saa ilikuwa nane na nusu. Vitalis alirudi kwenye mstari wa hamsini na nane, na kwa kuwa mikono hupenda kufanya inachokijua, aliutengeneza. Ilikuwa kazi ya dakika mbili: aliongeza sharti kwamba ukishajibu mara moja, nyamaza. Akajaribu. Hakuna kosa. Akarudisha vifupisho vyote sitini na viwili, akaenda kaskazini, akarudi kusini, akapanda mlima akashuka. Kila kitu kilikuwa kizima. Saa kumi Elias angesema shikamoo, mashine ingemjibu marahaba mara moja kwa heshima zote, pangekuwa kimya, na pangeweza kuwa kimya hivyo mpaka mmoja wao azikwe. Aliwaza hilo akasikia baridi ya Julai ikimwingia mpaka mifupani, akamwomba Matilda koti.

Kisha akafuta. Hakuufuta ule mstari peke yake; aliifuta skripti yote ya salamu tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na programu ilipomuuliza kama ana hakika, akajibu ndiyo.

Matilda hakurudi kwenye ungo wake. Alivuta kigoda akakaa karibu na meza. Kwa jirani mashine ya kukoboa kahawa ilikuwa ikizungushwa, ikasimama, ikazungushwa tena. Saa kumi ilifika, ikapita kwa dakika tano, kumi, kumi na mbili. Vitalis alianza kujiambia kwamba Elias ameshauondoa mchezo, na kwamba yeye angefanya hivyo hivyo.

"Tabibu ameingia sokoni," ilisema sauti.

Hakuna shikamoo iliyofuata. Elias alikuwa ameingia akasimama tu, kama mtu aliyeitwa mahakamani. Vitalis alijikuta anangoja aamkiwe, kwa mazoea, na alipojigundua alijichukia. Akaweka vidole kwenye herufi. Kompyuta yake hutamka kila herufi anayoigusa, kwa hiyo Matilda alisikia yote yakitoka moja moja, e, l, i, a, s, polepole, na pale alipokosea na kurudia.

Aliandika: "Elias. Ulinipigia simu mara tatu unishawishi nikapasuliwe. Mara zote nilikataa mwenyewe. Kwenye matanga ya baba nilikusingizia mbele za watu nikijua nakusingizia. Nisamehe, mdogo wangu."

Akatuma kabla hajaogopa. Muuza chumvi akatangaza chumvi yake. Mwanamke mmoja wa Tanga, mchezaji ambaye hakuwajua, aliingia sokoni, akayasoma maneno yale, akatoka kimya kimya bila kununua kitu. Vitalis alishika ukingo wa meza.

"Tabibu anasema, Mara nne."

Hakuelewa. Matilda naye hakuelewa. Alimshika mkono wa koti.

"Tabibu anasema, Ya nne ulikuwa umezima simu."

Alikumbuka. Baada ya ile ya tatu, baada ya kumwambia kwamba alimbeba mgongoni, alikuwa ameizima simu kwa hasira, akaitupa kabatini, akaiacha humo kutwa nzima. Wanafunzi wake walikuwa wakirudia sehemu na asilimia siku hiyo. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu alikuwa akipiga.

Aliandika: "Ulitaka kuniambia nini?"

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuja kwa vipande, maana Elias naye alikuwa hana kifupisho hata kimoja.

"Tabibu anasema, Kwamba niko Kitai. Tabibu anasema, Nilikuwa na gari la kwenda Songea na hospitali walishatuwekea kitanda. Tabibu anasema, Nilitaka uje hadi hapo tu. Tabibu anasema, Nilikungoja mpaka jua likazama."

Kitai ni pale barabara ya kutoka ziwani inapokutana na ile ya Songea. Ukipanda basi Mbinga mjini unafika kabla hujamaliza kusinzia. Vitalis aliwaza mdogo wake amesimama kando ya ile barabara, kati ya wauza ndizi na makondakta, na simu sikioni, akiambiwa na mashine kwamba anayempigia hapatikani. Kwa miaka yote hiyo, hata akiwa peke yake na hata akiungama kwa padre, alikuwa akizihesabu simu tatu. Machozi yalimtoka. Macho yasiyoona hulia kama mengine, na hakuyafuta.

Matilda alimuuliza kwa sauti ndogo kama amwandikie yeye. Alitikisa kichwa. Alimuuliza tu basi la kwanza la kwenda Kitai siku hizi linapita saa ngapi. Matilda akamwambia ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kwamba atampeleka mpaka kituoni, lakini hatapanda naye.

Akavipapasa vitufe mpaka akapata pa kuanzia.

"Kesho nitakuwa Kitai tangu asubuhi," aliandika. "Njoo saa yoyote utakayopata nafasi. Safari hii nikungoje mimi."